Mtani Wangu Alivyorudishwa Mtoni

Mimi si mtu wa maneno matamu, nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu mbele ya safari. Nimezeeka na mdomo wangu. Lakini katika Mohoro nzima alikuwepo mtu mmoja aliyenizidi, na huyo ni mtoto wa mjomba wangu, binamu yangu, mtani wangu wa damu. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba hawaamkiani kwa heshima. Wanatukanana. Ukikutana na binamu yako njiani ukampita kwa "habari za asubuhi" huku umeinamisha kichwa, atafika nyumbani aulize amekukosea nini.

Yeye alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chake kilitazama mto, na akishaswali alasiri hakuna tena nguo inayoshonwa, hata uwe bibi harusi. Anafunika cherehani, anatia kofia, anashuka dikoni, pale mitumbwi inapofungwa. Akiniona nakuja na mzigo wangu wa ukindu kichwani, anaanza kelele kabla sijafika.

"Jamani, pisheni njia! Kiboko anashuka kunywa maji!"

"Heri kiboko," namjibu, "anaonekana. Wewe chura, mdomo mkubwa, makalio hakuna."

Watu hoi kwa kicheko. Na hapo ndipo alasiri yetu ilipoanza.

Sijui niwaelezeje ambao hawakuliona lile diko. Mgeni akipita angeona ukingo wa tope, mitumbwi michache, kibanda cha kahawa, basi. Lakini sisi pale ndipo tulipoishi. Nyumbani tulikwenda kulala tu. Wanawake tulikaa upande wa juu penye majani, miguu tumenyoosha, tunasuka ukili wa mikeka huku masikio yako kwa wanaume. Wanaume walikuwa kwenye bao, karibu na kibanda cha kahawa. Maji yakipungua, vijana walicheza mpira kwenye fungu la mchanga, na mpira ukitumbukia mtoni kila mtu anamsukuma mwenzake akaufuate, maana mamba wa kwetu hana mchezo. Watoto walioga ndani ya wigo, ule uzio wa miti tuliokuwa tunaukita majini kila mwaka mto ukishatulia, mji mzima, wenye nguvu wanakita na wasio na nguvu wanapika uji. Mtu asiyetokea siku ya kukita wigo, binamu yangu alimtangaza mwaka mzima.

Kutangaza ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Idd pili tulikuwa na mashindano ya mitumbwi, watu wa mji wa juu na watu wa mji wa chini. Yeye hakupiga kafia, kasia letu fupi, hata siku moja. Alisimama ukingoni na kidumu alichokikata kitako, akakitia mdomoni, akawatangaza wapiga makafia mmoja mmoja kwa aibu zao. Huyu kafukuzwa na mkewe jana. Yule mvivu wa kwenda shamba, nguruwe wamemaliza mpunga wake yeye amelala kwenye dungu la kulindia. Ukisikia jina la mwanao halikutajwa, roho inakuuma. Mwenye kibanda cha kahawa ndiye alikuwa hasimu wake mkubwa. Kila siku alimwambia kahawa yake imechemshiwa maji ya kuoshea maiti, na kila siku alikunywa vikombe vyake pale pale.

Mume wangu alipofariki, binamu yangu alinifanyia jambo ambalo nikilikumbuka mpaka leo sijui nilie au nicheke. Watu wamejaa uani, wanawake wanalia, mimi nimewekwa ndani nimejifunika gubigubi. Mara nikasikia mlangoni sauti ya marehemu. Kikohozi chake, mburuzo wa mguu wake ule mbovu. Binamu yangu alikuwa amevaa koti la mume wangu na kofia yake, amekaa kwenye kiti chake, anagombeza watu. "Chai yangu iko wapi? Nimekufa kidogo tu mmeshasahau kunipikia?" Wazee wakacheka na machozi yanawatoka. Nami kule ndani, chini ya kanga, nikacheka, wallahi nikacheka, na ule ubaridi uliokuwa umenishika kifuani tangu alfajiri ukaachia kidogo nikaweza kupumua. Mtani kazi yake ni hiyo. Mashehe wana yao, ndugu wana yao, na mtani ana yake.

Halafu yakaja maji.

Mto kupanda si habari kwetu. Mto ndio uliotulisha, unaleta tope, tunapanda mpunga, yakishuka tunapanda mahindi. Babu zetu walijua kukaa nao. Lakini mwaka ule ulipanda ukasahau kushuka. Uliingia sokoni, ukaingia msikitini, ukaingia kwangu mpaka kwenye kingo za kitanda. Tulitolewa kwa mitumbwi ile ile ya mashindano. Yalipopungua, diko letu halikuwepo. Ukingo wote ulikuwa umemeguka, majani tuliyokalia yamekwenda, kibanda cha kahawa kimekwenda, kibaraza cha cherehani kimebaki nguzo moja inaning'inia. La kuvunda halina ubani. Tukaambiwa bonde si mahali pa kuishi tena, tukapewa viwanja huko juu, upande wa barabara.

Sikatai, mabati ni mazuri na usiku unalala bila kusikiliza maji. Lakini alasiri! Lo, alasiri ya kule viwanjani ilinichosha kuliko kulima. Jirani zangu wa zamani wametawanywa huku na kule, kila mtu na uzio wake, kila mtu ndani na simu yake. Mto uko mbali, mpaka upande bodaboda, na ukifika pana nini? Nilisusa hata kusuka. Utasuka ukili peke yako unamsikiliza nani?

Binamu yangu hakukubali. Alitoa benchi nje ya nyumba yake mpya, akishaswali anakaa, kofia kichwani, anangoja. Anangoja nani, mwenzangu? Wakipita watu anawatupia maneno kama zamani. Siku moja akamwambia kijana wa bodaboda kuwa ana kichwa cha kafia. Yule kijana ni mtu wa kuja, hamjui, akasimamisha pikipiki akataka kumpiga. Mimi ndiye niliyetoka na mwiko mkononi kuamua. Tulicheka, lakini nilimwona namna alivyoliingiza lile benchi ndani jioni ile, kwa haya, na hakulitoa tena.

Baada ya hapo ndipo akaanguka. Kiharusi. Alikuwa anatawadha, akaonekana amelala chini karibu na kata, mkono na mguu vya upande mmoja havimtii, mdomo umekwenda kando. Walimkimbiza Kibiti, akakaa huko, akarudishwa na dawa na masharti. Binti yake akaacha shughuli zake Dar akaja kumuuguza. Binti mwema, nisimsingizie. Alimwogesha baba yake, akamlisha, akamnyoosha vidole kimoja kimoja. Lakini alikuwa na hofu, na hofu yake ikasimama mlangoni.

"Shangazi, daktari hataki apate mshtuko. Msimchekeshe, msimchoshe. Msalimie tu, kisha mwache apumzike."

Nikaingia. Nikamkuta amelala ubavu, amekuwa mdogo kama nguo iliyoingia maji. Binti kasimama nyuma yangu. Nikafanya kama nilivyoambiwa. Nikakaa kwenye kigoda, nikashusha sauti, nikasema pole, Mungu ni mwema, utapona inshallah.

Akanitazama. Kisha akageuza uso ukutani.

Nilikaa pale nimefadhaika. Yule binti alipotoka kwenda kutazama uji jikoni, nikasogea mpaka sikioni mwake. "Wewe mvivu," nikamwambia, "gauni langu lina mwaka kwenye cherehani yako, umeona dawa ni kujilaza? Inuka huko, chura wee."

Kitanda kikatikisika. Alikuwa anacheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki, na machozi yanamchuruzika mpaka kwenye mto wa kulalia. Akanishika kwa mkono wake mzima, akaongea. Maneno yalitoka taratibu, mazito, lakini niliyaelewa yote. "Hapa wananiswalia," alisema. "Kila anayeingia ananiswalia. Nipeleke dikoni. Nikatukanwe kidogo."

Basi, hicho ndicho alichotaka. Hakutaka mganga, hakutaka kurudi Kibiti. Alitaka alasiri moja mtoni, kati ya watu wake, wamtukane na yeye awatukane.

Na bahati ilikuwa imeanza kurudi. Vijana walikuwa wamechoka kukaa viwanjani, wakashuka bondeni, wakafyeka mahali pengine hatua kidogo juu ya diko la zamani, wakakita wigo mpya. Yule wa kahawa akajenga kibanda cha makuti. Ikatangazwa kuwa Idd pili mitumbwi itashindana tena, kwa mara ya kwanza tangu maji. Mwezi mzima wa Ramadhani mimi nilifuturu na ugomvi. Kila jioni nilikwenda kwa yule binti.

"Shangazi, watu wengi, jua, kelele. Akianguka tena je?"

"Na akifa ukutani hapo je?"

Alilia. Nami sikujali, hasira zangu zilikuwa juu. Nikamwambia, mwanangu, wewe unamuuguza mwili, ahsante, Mungu atakulipa. Lakini baba yako haishi kwa uji. Mazoea yana taabu. Mtu aliyetukanwa kila siku maisha yake yote ukimnyamazia ghafla atajua kaburi limeshachimbwa. Siku ya mwisho ya mfungo akakubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awepo na kwamba tusikae sana.

Nilikuwa na furaha, wallahi. Sikumwambia mtu yeyote ajiandae. Nimwambie nani? Watu wa Mohoro wa kufundishwa utani? Kwa akili yangu, akishaonekana tu, wa kahawa ataanza, wengine watapokea, na mimi nitapumzika nimsikilize.

Tukamvika kanzu nyeupe, kofia yake ya kiua, tukamtia kwenye bajaji, binti upande mmoja na mimi upande mwingine tumembana asiyumbe. Njia nzima alikuwa anatafuna maneno. Nikamuuliza anasema nini. Akasema anajipanga, ana mengi ya kuwaambia, hajui aanze na nani. Nikamwambia aanze na wa kahawa. Akasema huyo anamweka wa mwisho, ndiye mtamu.

Bajaji ilipofika mwisho wa njia, vijana wawili wakamkalisha kwenye kiti walichokuja nacho, wakambeba mpaka ukingoni. Palijaa. Sijaona watu wengi namna ile tangu maji. Wanawake wako kwenye majani, mpira unachezwa, watoto wanapiga mbizi ndani ya wigo, mitumbwi imepambwa kwa kanga na inapangwa. Sauti zilikuwa zinasikika tangu juu.

Kisha zikanyamaza.

Zilinyamaza kuanzia karibu yetu kwenda mbali. Wanaume wa bao wakasimama. Wenye mpira wakaushika mkononi. Wanawake niliosuka nao miaka yote wakavuta kanga kichwani, kama tunavyovuta tukiingia kwenye nyumba ya msiba. Njia ikafunguka katikati ya watu, kiti kikapita, kikawekwa mbele kabisa, kwenye kivuli, mahali pazuri kuliko pote.

Wakaanza kuja mmoja mmoja. Wanainama, wanamshika mkono kwa mikono yao miwili. Shikamoo mzee. Pole mzee. Mungu akupe shifaa. Ni subira tu, mzee. Hata watoto waliletwa na mama zao, wameloa maji, wakambusu mkono. Yule aliyefukuzwaga na mkewe alikuja, akasema pole, akaondoka. Binamu yangu alimtolea macho, akamngoja, hakupata kitu.

Nikasema moyoni, subiri, wa kahawa yuaja.

Akaja. Kashika kikombe kwa mikono miwili, kakifunika na kisahani inzi wasiingie. Akapiga goti. "Karibu mzee wangu. Kunywa polepole, nimeipoza."

Binamu yangu akakusanya nguvu. Niliona shingo yake inavyofanya kazi. Akasema, neno moja baada ya jingine, ile yake ya siku zote, kwamba haya ni maji ya kuoshea maiti. Aliyasema yakaeleweka, mimi niliyasikia na wa kahawa aliyasikia. Nikaona midomo yake inataka kujibu. Lakini alitazama ule mkono uliolala pajani, akatazama mdomo uliopinda, macho yakajaa maji, akainamisha kichwa. "Usiseme hivyo, mzee," akasema. "Utapona, inshallah."

Siwalaumu. Nilitaka kuwalaumu, nikashindwa, maana walimpenda na mapenzi yao yote waliyatia kwenye zile shikamoo. Walidhani ndiyo zawadi.

Siku hizi kutangaza ni kwa spika, ile inayounganishwa na simu, na kijana mmoja ndiye aliyepewa kazi. Akasimama ukingoni pale pale binamu yangu angesimama. Nikafurahi, nikadhani huyu ni damu changa, atamchokoza. Akasema: "Ndugu zangu, kabla hatujaanza, leo tumebahatika, tunaye mzee wetu aliyetufurahisha sana enzi za uhai... enzi za uzima wake. Nawaomba tuinue mikono, tumsomee dua."

Wakainua mikono. Ukingo mzima, na wale walio kwenye mitumbwi wakaweka makafia chini wakainua. Fatiha ikasomwa. Nyuso zote zimemwelekea yeye, na yeye kakaa katikati na kanzu yake nyeupe, hana pa kugeuzia uso, hapakuwa na ukuta. Wakasema amin. Mto mzima ukasema amin.

Nikainuka. "Ebo!" nikapiga kelele. "Mnamsomea nani? Huyu? Huyu hana ugonjwa, ana uvivu! Mmesahau alivyo mfitini huyu?"

Pakatoka kicheko kidogo, huko nyuma, kikazimwa. Mwanamke mmoja akanivuta kanga. "Bibi, jamani, mwonee huruma. Mgonjwa huyo."

Nikamtikisa akaniachia. Nikamgeukia mtani wangu, nikaweka mikono kiunoni kama nilivyokuwa naweka, nikamtazama usoni. Naye aliniinulia macho, na yale macho yalikuwa yananing'ang'ania, nimebaki mimi tu. Nikasema, "We chura..."

Sikumaliza. Nilijaribu tena, kikaja kilio, kilio chenyewe kile cha msibani, kikanitoka mbele ya watu wote na sikuweza kukizuia. Nikaziba mdomo kwa kanga. Wanawake wakanipokea, wakaanza kulia na wao, na ukingo wote ukawa matanga.

Alinitazama. Kisha akanyoosha ule mkono mzima, akaniwekea juu ya mkono wangu, taratibu, kama mtu anayempa pole mfiwa.

"Ahsante, dada," akasema. "Inatosha. Turudini."

Maisha yetu yote hakuwahi kuniita dada.

Vijana wakanyanyua kiti. Binti akatangulia kuita bajaji, mimi nikafuata nyuma na kile kikombe cha kahawa mkononi, sijui hata nani alinipa. Tulikuwa hatujamaliza kupanda ukingo tuliposikia mitumbwi imeondoka, watu wanashangilia, kijana wa spika anataja majina. Nikamwuliza mtani wangu kama vijana wasimame kidogo atazame. Akasema hapana, wasichoke bure.